Viti vya Marehemu Valentino

Mtaani Mtendeni watu walizoea kumtania Ambrosi Shigela kwamba angekuwa daktari wa upasuaji, wagonjwa wangekufa kwa kungoja. Fundi mwingine yeyote wa viti vya magari, akiletewa kiti kilichochakaa, huchukua wembe, akachana kitambaa cha zamani kwa mkupuo mmoja, akakitupa, kisha akapima upya. Ambrosi hakuchana. Aliketi juu ya kigoda, kiti kikiwa kimelala mapajani mwake kama mtoto anayenyolewa, akafumua mshono kwa ncha ya shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, uzi baada ya uzi, mpaka ganda zima likatoka bila jeraha. Ganda hilo ndilo alilolitandaza mezani na kukata jipya kwa kulifuata. Alisema kitambaa cha zamani kinajua mahali mwili ulipolemea, na futi ya kupimia haijui.

"Unafumua kama mtu anayeosha maiti," mkewe Tekla alimwambia siku moja alipomletea chai. "Kijana wa watu amesimama juani na bodaboda yake tangu asubuhi, wewe umekikumbatia kiti chake."

"Ngoja kidogo, Mama Fikiri. Hiki kina tatizo upande wa kushoto."

"Mwenye tatizo ni wewe."

Mwenye bodaboda alicheka, akaomba naye kikombe. Hakuna aliyeondoka. Hilo ndilo lililokuwa jambo la ajabu katika banda lile: watu walinung'unika sana, na bado walingoja.

Ambrosi alizaliwa kijijini huko Igunga, katika ukoo wa wakulima na wafugaji ambamo sindano ilikuwa mali ya wanawake na ngozi ya ng'ombe ilikuwa ya kulalia. Baba yake hakuwahi kuelewa ni vipi mwanamume mzima angejipatia riziki kwa kushona mahali pa watu wengine kukalia. Ujana wake aliutumia Tabora mjini akishona viti vya mabehewa ya treni, na huko ndiko alikojifunza kwamba abiria husahau uso wa jirani yake, lakini mgongo wake hausahau kiti kibaya. Kazi ya mabehewa ilipopungua alifungua banda hilo la Mtendeni, mjini humo humo, akapokea chochote kinachokaliwa: makochi ya maharusi, viti vya mabasi, hata kiti cha kinyozi. Hakupata kuwa mtu mashuhuri. Alikuwa mtu ambaye ungemkumbuka pale tu springi inapokuchoma.

Ndivyo Mama Advera alivyomkumbuka.

Mama Advera alikuwa mjane wa mtaa wa Chemchem, umri wake ukikaribia miaka themanini, na katika kibanda cha nyuma ya nyumba yake lilisimama gari ambalo watu wa rika lake bado walilitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja mchumba wa zamani. Ilikuwa Datsun ya mbio, ya milango miwili, yenye pua ndefu na kisogo cha mteremko, rangi yake ya chungwa ikiwa imefifia mpaka kufanana na udongo. Mumewe, Valentino, aliinunua kutoka kwa meneja wa shamba la tumbaku aliyekuwa akihama Urambo. Valentino mwenyewe hakushindana na mtu. Alikuwa bwana shamba, kisha akastaafu na kuwa mfugaji wa nyuki huko Ipole, na kwa miaka mingi alilibebesha gari lile mizigo ambayo waliolibuni hawakuiwaza: mizinga ya magome, madebe ya asali, mafungu ya tumbaku.

Baada ya kumzika, Mama Advera alijiwekea desturi. Kila Jumapili, baada ya misa, kabla hajavua kitenge chake cha kanisani, aliingia ndani ya gari, akakaa upande wa abiria, akafunga mlango, akavuta pumzi. Mle ndani, alisema, Valentino alikuwa bado yumo: tumbaku, nta na jasho. Akishatosheka alitoka, akaenda kuinjika maharage.

Kisha Jumapili moja kiti kikazama chini yake, na springi ikapasua kitenge.

"Shikamoo, mama," Ambrosi alimwamkia mama huyo alipoingia bandani kwa mkongojo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayefumua?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimeambiwa unachelewa."

"Ni kweli, mama. Nachelewa."

"Vizuri. Wanaowahi nimeshawakataa." Aliketi bila kungoja kukaribishwa. "Kiti kimenichoma mahali nisipoweza kukuonyesha. Nataka nikae bila kuchomwa. Lakini Valentino asitoke mle ndani. Unanielewa? Ukiyatoa matambara yale, ukaosha, ukaweka vitu vyako vya dukani vinavyonuka viatu vipya, utakuwa umenifanya nizike mara ya pili. Na mazishi ya kwanza yalinitosha."

Fundi mwenye busara angesema kwamba harufu haishonwi. Ambrosi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote Tabora. Lakini alimtazama mama yule, akaona jinsi alivyoushika mkongojo kwa mikono yote miwili kama mtu anayengoja hukumu, na neno likamtoka kwa heshima kabla halijapita kwenye akili.

"Hatatoka, mama."

Gari lilivutwa hadi Mtendeni na Mabruki, fundi makanika wa banda la jirani. Injini ilikuwa imelala tangu mwenyewe alipofariki, na Mama Advera hakutaka iamshwe. Gari lile halikuwa la kwenda popote. Liliwekwa uani kwa Ambrosi, juu ya mawe manne, na kazi ikaanza.

Ilikuwa kazi ambayo Ambrosi aliipenda kwa namna iliyomtia haya. Vipande vya urembo vilivyozunguka madirisha, vilivyokuwa vimepinda na kupoteza mng'aro, alivinyoosha juu ya mfuko wa mchanga kwa nyundo ya mti, akavisugua kwa majivu laini mpaka akajiona ndani yake, mwenye mvi kuliko alivyodhani. Usukani ulikuwa wa mbao, nao ulikuwa umepasuka. Aliziba nyufa kwa vipande vya mninga vilivyochongwa vyembamba kama kucha. Kirungu cha gia kilikuwa kimeliwa na mchwa, hivyo akachonga kingine. Mbao za ndani ya milango zilivunjika mikononi kama mkate wa jana. Kitambaa cha dari kilikuwa kimening'inia. Na viti vyenyewe, alipomaliza kuvifumua, havikuwa na sponji tena ila vumbi, na ndani ya vumbi panya walikuwa wamejenga na kuhama, wakajenga tena.

Kila alichokitoa alikipeleka kwanza puani.

"Fundi," Mabruki alimwita kutoka upande wa pili wa ua, "unanusa au unaonja?"

"Natafuta."

"Nini?"

Ambrosi aliinamia kiti tena, kwa kuwa jibu lilikuwa limeanza kumtisha. Harufu ya Valentino, kama ilikuwapo, ilikuwa katika vitu vilevile ambavyo visingeweza kubaki: katika vumbi la sponji, katika zulia lililooza, katika kitambaa cha dari kilichogeuka utando. Aliweza kurudisha umbo la mshono, hata ile tabia yake ya kuvutika upande mmoja. Lakini kila siku kazi ilipozidi kupendeza, ndipo gari lilipozidi kunuka kitu kipya. Alikuwa akimtoa mtu yule nje, pole kwa pole, kwa ustadi mkubwa.

Ndipo alipopanda basi kwenda Ipole. Barabara ile inaelekea kusini kupitia Sikonge, na wazee husema wapagazi wa zamani waliifahamu kwa nyayo zao. Ambrosi aliipita akiwa na mzigo mmoja tu magotini, nao ni mfuko mtupu. Huko alimtafuta Lugembe, mzee wa nyuki aliyekuwa akitundika mizinga pamoja na Valentino.

"Nataka nta," Ambrosi alimwambia baada ya salamu.

"Ipi? Ya mishumaa, au ya mizinga?"

"Yoyote yenye harufu kali zaidi."

"Yenye harufu kali ni hii nyeusi, ya masega ya zamani. Unaifanyia kazi gani?"

"Napaka gari."

Lugembe alicheka mpaka akashika kiuno. "Ninyi watu wa ng'ombe mna mambo! Haya, mtani, kapake gari. Ukimaliza, paka na treni."

Ambrosi alirudi na bonge zima la nta, na juu yake majani ya tumbaku aliyoyaomba. Aliyeyusha nta ile jikoni kwa Tekla, katika sufuria ambayo hakuiombea ruhusa.

"Baba Fikiri! Sufuria yangu ya wali!"

"Nitaisugua."

"Utakula kutoka humo humo, na utasema ni tamu."

Aliipaka nta nyuma ya mbao za milango, chini ya dashibodi, juu ya usukani na kirungu cha gia. Aliipaka kwenye mbavu za dari kabla ya kuvuta kitambaa kipya. Kila uzi alioshonea aliupitisha kwanza ndani ya nta. Majani ya tumbaku aliyalaza chini ya zulia, kisha akayatoa yalipokwisha kuacha alama yao hewani. Mwishowe alishusha kioo kimoja kidogo ili gari lipumue, akalifunika kwa turubai jua lisije likachubua kazi yake, akaingiza pua kwenye mwanya na kufumba macho. Hakuwahi kuonana na Valentino. Lakini kama mtu huyo alikuwa na harufu, Ambrosi aliamini kwamba ndiyo hii.

Siku zilizofuata nyuki wachache walionekana wakiingia na kutoka kwenye mwanya wa kioo. Ambrosi aliwatazama kwa furaha ya mtu aliyesifiwa.

"Umeona, Mama Fikiri? Hata nyuki wamekubali."

"Nyuki hana muda wa kusifu," Tekla alijibu. "Ana shida zake."

Shida hizo zilifika Jumamosi, siku moja kabla ya Mama Advera kuja kulikagua gari. Mchana ulipokuwa umetulia, mvumo ulipita juu ya mapaa ya Mtendeni kama lori linalopanda mlima kwa gia ndogo. Muuza chapati aliacha jiko lake. Kundi zima la nyuki lilishuka uani, likazunguka turubai, likapata mwanya, na likaingia ndani ya gari bila kusukumana, kwa utulivu wa waumini wanaoingia kanisani.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema moshi, mwingine akasema maji ya sabuni. Mabruki alitokea na kopo la dawa ya kuulia wadudu mkono mmoja na kitambaa chenye petroli mkono wa pili.

"Sogea, fundi. Dakika moja tu."

Ambrosi, mtu ambaye hakuwahi kuinua sauti hata kwa mteja mwizi, alisimama mbele ya mlango wa gari na kutanua mikono. "Hapana! Ukipuliza dawa humo, Mama Advera atakuja kukaa ndani ya dawa. Ukiwasha moshi, atakaa ndani ya moshi. Hapana!"

"Basi watoe kwa maombi."

"Padri alikwambia mtakatifu wa jina lako ndiye mlinzi wa nyuki," Tekla alisema, akichungulia kutoka nyuma ya mlango wa jiko. "Mwite basi."

"Naogopa ndiye aliyewaleta," Ambrosi alisema, na watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Alikuwa akiwaza mikono miwili iliyoushika mkongojo. Alipiga simu Ipole.

Lugembe alifika Jumapili asubuhi, akiwa na koti zito, upawa, na mzinga mtupu wa gome begani. Alilizunguka gari mara moja, akachungulia kioo, akanusa.

"Ile nta uliipaka wapi?"

"Nyuma ya milango. Chini ya dashibodi. Kwenye mbavu za dari."

"Ukaacha tundu?"

"Mwanya kidogo, lipumue."

"Na ukalifunika, ndani kukawa giza."

"Jua lisiharibu kazi."

Lugembe alivua kofia yake taratibu, kama mtu aliyefika msibani. "Fundi, ile nta nyeusi ndiyo tunayoipaka ndani ya mzinga mtupu ili nyuki waupende. Mahali pakavu, pa giza, penye tundu dogo na harufu ya masega ya wenzao. Mimi nilidhani unanitania! Hukutengeneza gari, mtani. Umetengeneza mzinga. Tena nasema kweli, ni mzinga mzuri. Kama ningekuwa na mti wa kuubeba, ningeutundika."

Aliwataka watu wasogee. Moshi hakuutumia; alisema nyuki waliotoka kuhama wameshiba asali na hawana ugomvi, ilimradi hakuna anayekimbia. Alifungua mlango polepole. Kutoka darini, katikati ya kitambaa kipya, nyuki walikuwa wamening'inia wakishikana kama kikapu kinachopumua. Lugembe aliusogeza mdomo wa mzinga karibu nao, akachota kwa upawa kama mtu anayepakua uji wa moto, akamimina ndani, akachota tena. Ambrosi alipewa kazi ya kushikilia mlango usijifunge. Nyuki mmoja alimchoma sikioni. Hakuthubutu hata kuguna.

Katikati ya kazi hiyo Mama Advera aliingia uani. Habari zilikuwa zimefika kanisani kabla ya mahubiri kwisha. Alisimama na kitenge chake cha misa, akatazama gari, akamtazama mzee mwenye upawa, akamtazama fundi ambaye sikio lake lilikuwa linavimba.

"Ambrosi," alisema, "nilikwambia Valentino asitoke. Sikukwambia umtafutie wenzake."

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza, usiwashtue."

Walingoja. Malkia wao alipokwisha kuingia mzingani, wengine walimfuata wenyewe, wakitambaa kwa mistari hadi gari likabaki tupu. Lugembe aliziba mdomo wa mzinga kwa majani, akaupeleka kivulini.

Mama Advera akaingia garini. Alikaa upande wa abiria, akavuta mlango, na kupitia kioo Ambrosi alimwona akivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Kwa mara ya kwanza maishani Ambrosi alitamani kiti alichokishona kiwe kibaya, kimchome mtu, ili lawama iwe ya springi. Mabega ya mama yule yalianza kutikisika. Tekla alimshika mumewe mkono.

Mlango ukafunguka. Mama Advera alikuwa na machozi, lakini kinywa chake kilikuwa kinahangaika na jambo jingine.

"Valentino hayumo," alisema.

Ambrosi aliinamisha kichwa. "Nilikuahidi kitu nisichokiweza, mama. Nilidhani nta…"

"Nta ni yenyewe kabisa. Na tumbaku ni yenyewe. Lakini kuna kimoja kinakosekana, kile nilichokuwa nakijia hasa, na sasa ndiyo nimekitambua ni nini." Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Ni panya, Ambrosi. Miaka yote hii navaa nguo yangu ya misa, nafunga mlango, navuta mkojo wa panya, namlilia mume wangu!"

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea dashibodi, na Lugembe kivulini akacheka, na Tekla akaficha uso kwa kanga. Ambrosi peke yake hakujua kama ameruhusiwa.

"Zunguka," Mama Advera alimwamuru. "Kaa hapo kwenye usukani."

"Hapo ni mahali pa mzee, mama."

"Mzee hayupo, nimekwambia. Kaa, nisiongee na kiti."

Ambrosi akaketi. Mikono yake haikujua pa kukaa, kisha ikaukuta usukani.

"Aliendesha vibaya sana," Mama Advera alisema.

"Mzee Valentino?"

"Vibaya mno! Gari la mbio, naye anakwenda kama anayesindikiza jeneza. Halafu akiona kilima, anakimbia. Nilimwambia, Vale, watu hukimbia kwenye tambarare. Akasema kwenye tambarare anataka kunitazama." Akanyoosha kidole mbele, kuelekea ukuta wa banda la Mabruki. "Hebu tutoke. Pita hapo Chemchem kwanza, tuchukue madebe. Kisha shika barabara ya Sikonge."

Ambrosi alimtazama Tekla kupitia kioo. Tekla akampungia mkono kama anayeaga wasafiri.

Akaingiza gia. Kirungu kiliitika vizuri chini ya kiganja chake. Mama Advera alijiegemeza, akalegeza mkongojo, akaanza kumweleza kila mahali walipopita: pale Valentino alipoomba maji akapewa pombe, pale dumu la asali lilipomwagika na wakasafiri wamegandamana na viti, pale alipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa kufa. Ambrosi alikata kona alipoambiwa akate kona. Gari lilikuwa juu ya mawe manne na halikutikisika hata kidogo.

"Punguza mwendo, mwanangu," Mama Advera alisema ghafla. "Hapo mbele kuna ng'ombe wanavuka."

Ambrosi akakanyaga breki.